Robo ya Siku

Nafula wangu,

Barua hii usiisome hapa nyumbani, wala njiani, wala kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Isome ukiwa hewani, mahali ambapo hata ukibadili nia huwezi kumwambia rubani akushushe. Nakujua. Ukaidi huo uliutoa kwangu, kwa baba yako hawakuwa nao.

Sasa hivi uko kwa Halima unasukwa nywele za safari ya kesho. Ulisema utarudi kabla ya giza, lakini Halima akishika kichwa cha mtu hukisuka na kukipigia porojo kwa pamoja, kwa hivyo nina mchana mzima. Mvua imeanza, ile ya polepole inayogonga mabati kidogo kidogo mpaka mtu asijue kama yuko macho ama amelala. Nimekaa kitandani kwako, sanduku lako liko miguuni pangu, karatasi iko juu ya kile kitabu chako kikubwa cha Kijapani. Nimechagua leo kwa sababu leo kichwa changu kiko wazi. Nimeamka nikajua ni Jumamosi kabla ya kuambiwa na mtu, nikasema lazima niandike.

Sitakwambia uvae sweta. Sitakwambia ule ushibe, usali, na pasipoti uiweke wapi. Hayo umeshaambiwa na kila mtu kuanzia hapa Makina mpaka Kawangware, na mama mdogo wako Nasimiyu amekupigia simu kutoka Kimilili kukwambia tena. Mimi nataka kukuelezea habari za tarehe. Cheka tu. Najua unasema, mama hata siku ya kuniaga ananiletea mambo ya kompyuta. Lakini hiyo ndiyo shule niliyosoma nikaielewa, sina nyingine.

Kwanza nina deni la jibu. Jumapili iliyopita ulisimama pale mlangoni na ndoo ya maji mkononi, ukaniambia, "Mum, mimi siendi. Nitaenda aje kuosha mama za watu huko Japani, na wangu nimwachie nani?" Nami nikakujibu vibaya. Nikakuambia sikukuzaa uje kuwa askari wangu, na kama umechoka kuniona useme. Uliiweka ile ndoo chini taratibu, na utaratibu huo uliniuma kuliko kama ungeitupa. Tangu siku hiyo tunaongea, lakini tunapishana. Mimi nikiwa tayari kucheka wewe umenuna, wewe ukija na chai ya kunipatanisha nami nimeshajifunika shuka. Hujasema tena kwamba huendi. Lakini hujafunga sanduku pia, nimeliangalia, limeachwa wazi kama mtu anayesubiri sababu.

Basi nisikilize.

Ulikuwa darasa la pili nilipoanza kazi kwa Mama Wairimu, kule Kawangware, kwenye biashara yake ya kukodisha tenti na viti. Unamkumbuka alivyokuwa anakupa miwa. Yeye alizaliwa kwenye shamba lile lile ambalo leo ni ploti zake, anakumbuka Kawangware ikiwa mahindi na maboma ya ng'ombe. Alinunua kompyuta kwa sababu jirani yake mwenye biashara kama yake alikuwa nayo, akaiweka mezani, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, akaendelea kuandika kwenye karatasi. Mimi nilikuwa napangusa viti na kupokea simu. Siku moja nilikifunua kile kitambaa, na nikasahau kukirudisha.

Kazi ya tenti ni kazi ya tarehe. Tenti ikitoka Alhamisi kwenda kwenye matanga, ujue itarudi lini, maana kuna harusi Jumamosi inaitegemea. Ndipo nikajifunza makro, yale maagizo unayoiandikia kompyuta mara moja nayo iyafuate kila siku bila kukuuliza. Nilijifunza kwa kutazama video, kwa kuiga na kwa kuharibu. Wewe ulikuwa unakaa chini ya meza na vitabu vyako vya kupaka rangi, ukiniuliza kama kompyuta imelala.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba kompyuta haijui tarehe hata kidogo. Haijui Jumatatu, haijui Krismasi. Ndani yake kila siku ni namba, moja baada ya nyingine, tangu mwanzo fulani wa zamani. Ukitaka kesho, ongeza moja. Ukitaka jana, toa moja. Na saa nazo ni vipande vya hiyo moja: adhuhuri ni nusu, asubuhi kabla jua halijachomoza ni robo. Ebu fikiria. Mimi niliyekuwa nimelelewa na wiki na miezi na misimu ya kupanda, naambiwa maisha yote ni mstari mmoja wa namba. Siku ile nilikaa pale nikiongeza, nikiongeza, nikakupeleka kwa kidole mpaka ukamaliza shule, nikakupeleka mpaka ukawa mtu mzima, nikajipeleka mimi mwenyewe mpaka uzeeni, na kiti sikukiacha. Mama Wairimu akaniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia ni vumbi la viti.

Halafu makro yangu ikaanza kunidanganya.

Hadithi ya bibi harusi unaijua, lakini hukuisikia yote. Harusi ilikuwa tarehe tano mwezi wa nane. Mimi nikaandika tano, alama ya mkwaju, nane, tunavyoandika sote. Alfajiri ya tarehe nane mwezi wa tano lori letu likaingia kwenye ploti ya watu, vijana wakashusha tenti nyeupe na viti mia na mapazia yake, wakafunga kamba wakaondoka. Bibi harusi akatoka na leso kifuani na mswaki mdomoni. Akanipigia simu akaniambia kwa upole kabisa, "Auntie, hata gauni halijashonwa." Watoto wa ploti walicheza harusi chini ya ile tenti mpaka jioni. Mama Wairimu alikasirika asubuhi, na kufikia mchana alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta.

Nilipochunguza, nikagundua makro ililelewa na watu wanaotanguliza mwezi, wakati sisi tunatanguliza siku. Kila tarehe ya chini, ile inayoweza kupita kama mwezi, ilikuwa inaipindua. Lakini kuanzia kumi na tatu kwenda juu ilikuwa inapatia, maana mwezi wa kumi na tatu haupo, kwa hivyo ilikuwa inajirekebisha yenyewe kimyakimya. Na unajua kwa nini niliiamini? Niliipima kwa siku yako ya kuzaliwa. Ishirini na mbili. Ikaleta sawa, nikafurahi, nikafunga kazi. Kama ningeipima kwa yangu, tarehe tatu, ningeona uongo palepale. Haikunijia akilini kujipima mimi.

Kitu kikikukosea kila siku utakigundua mapema. Kile kinachopatia mara nyingi ndicho kinachokupeleka mbali kabla hujajua umepotea. Hata baba yako alikuwa hivyo, lakini hayo tuyaache, ndege isijae maneno.

Nakuambia haya kwa sababu kichwa changu sasa kimekuwa kama ile makro. Siku nyingi kinapatia. Ile Jumapili niliyotoka hapa Makina asubuhi na mapema, nikapita Ngong Road na umande, nikafika Kawangware nikagonga geti la Mama Wairimu mpaka mkono ukauma, mimi nilikuwa najua kabisa ni Jumatatu. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kuchelewa kufungua. Nyimbo za kanisa zilikuwa zinasikika pande zote na bado sikuamka. Mpaka mama wa mandazi akaniambia, "Mama Nafula, leo hata Mungu anapumzika." Nikacheka naye. Nikanunua mandazi. Nikarudi nyumbani nikakuambia nilikwenda kutembea.

Nilifanya hivyo kwa sababu Jumatatu yenyewe nilienda nikafanya kazi yangu vizuri, na Jumanne pia. Nilikuwa naendelea kujipima kwa zile siku ninazopatia. Mpaka nilipokuita Nasimiyu mara ya pili mbele ya wageni, na uji ukaungua nikiwa nimesimama palepale nautazama, ndipo ukanishika mkono ukanipeleka hospitali. Unakumbuka daktari alivyokuwa anaongea na wewe badala ya mimi. Alisema huu ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau, na kwamba utakwenda polepole. Tulipotoka nje ulichukua simu ukafungua kalenda. Niliona macho yako yanahesabu.

Mwanangu, ulianza kunihesabia kuanzia siku ile. Hapo ndipo tunapotofautiana, na nitakueleza kwa kisa cha Bi Zainabu, ambacho wewe unakumbuka pilau yake tu.

Mzee Ramadhani, mumewe, alipofariki, tenti za mazishi zilitoka kwetu. Bi Zainabu ni mwenye nyumba wetu, na hajawahi kunipandishia sauti tangu tuingie ploti yake, kwa hivyo nilitaka kila kitu kiende sawa. Akasema, na arobaini pia mtuletee. Hakutaja tarehe. Hapa Makina nani anatajiwa tarehe ya arobaini? Kila mtu anaijua. Nami kwa vile nilikuwa nimeshakuwa mtaalamu, nikaiambia makro ichukue siku ya mazishi iongeze arobaini. Nikalala.

Siku ya arobaini yenyewe, narudi kutoka kazini, naona watu wamevaa kanzu na mitandio wamejaa uchochoroni. Wazee wamejibana kibarazani. Wasichana wameshikilia turubai kwa mikono juu ya sufuria za pilau, na manyunyu yanawaanguka. Tenti hakuna. Tenti zilikuwa zimepangwa kesho yake. Badala ya kuomba radhi, mimi nikaingia ndani na karatasi niliyopiga chapa. Nikamwonyesha mjane, siku ya arobaini ya mume wake, kwamba ukitoa tarehe ya mazishi kwenye tarehe ya leo unapata thelathini na tisa. Ukaidi huo ndio ninaokuambia.

Bi Zainabu aliiangalia ile karatasi kwa muda. Kisha akaniuliza, "Siku niliyomzika mume wangu, wewe umeiita sifuri?"

Akaongeza kwamba ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza, na ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, na mtu hawezi kuiruka. Halafu akaniwekea pilau kwenye bakuli nikuletee. Ulikula ukasinzia na kijiko mkononi. Asubuhi nilienda nikaifundisha makro kutoa moja.

Tangu hapo sijaita siku ya mtu sifuri. Siku daktari aliposema vile haikuwa sifuri, Nafula. Nilikuwa nimevaa lile gauni la kijani. Tulipotoka ulininunulia embe la pilipili, tukalila tumesimama, ukanipangusa mdomo. Ile ilikuwa siku ya kwanza ya kitu fulani, na siku ya kwanza ina vitu vyake. Wewe uliona mwanzo wa kupungua. Mimi naonja embe.

Sasa nikuambie siri ya kompyuta ambayo sijamwambia mtu, maana watu wangesema ndio huo ugonjwa. Jedwali, ile karatasi ya visanduku ya kwenye kompyuta, na makro zake havianzi kuhesabu mahali pamoja. Jedwali linaanza na siku ya kwanza ya mwaka elfu moja mia tisa. Makro inaanza siku moja kabla. Kwa hivyo walitakiwa wakosane milele, mmoja akisema leo mwenzake anasema jana. Lakini hawakosani. Ukijaribu tarehe yoyote ya siku zetu, wanapatana. Nilihangaika na jambo hilo wiki nzima. Mwishowe nikaona: jedwali lina siku ya uongo. Linaamini kwamba mwaka ule Februari ilikuwa na siku ishirini na tisa, na haikuwa. Ile siku haikupambazuka duniani. Hakuna aliyezaliwa, hakuna aliyezikwa, hakuna jogoo aliyewika. Lakini ndani ya jedwali ipo, na kuanzia hapo wale wawili wanatembea bega kwa bega mpaka leo. Kosa ndilo lililowapatanisha.

Nimekuwa nikiiota siku hiyo. Kwenye ndoto naamka hapahapa Makina lakini hakuna kelele ya mtu, mwanga ni ule wa baada ya mvua, na milango yote iko wazi. Natembea mpaka Soweto East, na zile gorofa mpya zimeanikwa nguo dirisha kwa dirisha ila hakuna waliozianika. Narudi juu upande wa Nyayo Highrise. Hapo ndipo naanza kuzikuta siku zangu. Ile Jumapili ya geti iko pale, imekaa ukutani na mandazi yake. Ile asubuhi ya uji iko pale, inakoroga. Siogopi. Nasema kumbe hazikupotea, zimekuja huku. Na wewe uko pale mdogo, chini ya tenti nyeupe, unacheza harusi na watoto wa watu. Nikiamka huwa nina furaha ambayo siwezi kuieleza, na huwa natafuta kiatu ambacho kiko mguuni.

Kwa hivyo nikisahau siku, usifikiri imeanguka shimoni. Na ile Jumapili tuliyogombana, wewe na ndoo yako, mimi na mdomo wangu, tuifanye ile Februari yetu. Tuseme haikupambazuka. Tuanzie Machi tukiwa pamoja.

Sasa, kosa la mwisho, na hili nimelifanya leo, kwa hivyo usipige kelele kwenye ndege ya watu. Nimefungua ile laptopu kuukuu aliyonipa Mama Wairimu nikaona makro uliyoniachia. Kila nikiifungua itaniambia, "Mum, zimebaki siku kadha wa kadha nirudi." Umeiandika vizuri, umeweka na ua jekundu. Nimeifuta.

Usinune. Nilikaa nayo kwanza, nikaijaribu, nikasogeza tarehe mbele nione ile namba ikishuka, ikishuka. Kila asubuhi niamke nione kitu kinapungua? Vya kupungua ninavyo vya kutosha. Tena nikaona ulichokifanya. Ile tarehe ya kurudi hukuweka mwisho wa mkataba wako. Umeweka Desemba hii. Ulikuwa unapanga kwenda ukakae kidogo, halafu uwaambie wenyewe kwamba mama anaumwa, urudi. Mtoto wewe. Unafikiri mama aliyekaa kwenye tarehe miaka yote hiyo hawezi kusoma namba?

Ukirudi Desemba hii kwa ajili yangu, nitajua. Labda jina lako litakuwa limenitoka, lakini hilo nitalijua. Nitajua kuna msichana ameketi jikoni kwangu ambaye alikuwa na safari.

Ulisomea hiyo kazi ya kutunza wazee kwa bidii. Nilikuwa nakusikia usiku ukijifundisha kusema kwa Kijapani, "Mama, nikusaidie kuinuka?" mpaka na mimi nikaikariri. Wako wazee huko wanasubiri sauti hiyo. Nenda ukawainue. Hujui kama huko ndiko utajifunza namna ya kuniinua mimi, siku hiyo ikifika. Haitafika Desemba, daktari amesema polepole, na mimi najua kwenda polepole kuliko yeye.

Umeuliza unaniachia nani. Nilikusikia, ila nilikuwa bize kukasirika. Unaniachia Bi Zainabu, ambaye tangu mwezi uliopita anabisha mlango wangu kila jioni akisingizia chumvi. Mwanamke ana gunia la chumvi nyumbani kwake, nimeliona. Unaniachia Mama Wairimu, aliyesema nitaendelea na meza yangu, ila kila tarehe ninayoandika ataisoma na yeye, na miwani ameshanunua. Na siku nikianza kuacha jiko linawaka, Nasimiyu atanichukua twende Kimilili, tumeshaongea, chumba kinapakwa rangi. Hilo hukulijua. Nilikuwa nataka ujue kwa barua kwa sababu uso kwa uso ungebishana.

Kilichokuwa kinaniumiza kilikuwa kingine, kidogo, cha kijinga. Nilikuwa nafikiria masaa. Huko kwako mtatutangulia kwa masaa sita. Jioni yangu nikikaa na chai, wewe utakuwa umeshaingia kesho. Nikasema basi, hata nikiwa na akili timamu sitakuwa siku moja na mwanangu. Yeye atakuwa kesho, mimi leo, na mwishoni mimi nitakuwa jana kabisa.

Jana jioni Bi Zainabu alipokuja na bakuli lake la kuombea chumvi, nikamwambia. Akauliza hiyo tarehe ya Japani inageuka wakati gani kwa saa za hapa. Nikahesabu kwa vidole, nikamwambia, saa kumi na mbili jioni. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mwanafunzi. Akasema, "Na sisi je?"

Nafula, miaka yote hii nimekaa Makina, na sikuwahi kufikiria. Kwa Bi Zainabu na watu wake siku haigeuki usiku wa manane. Inageuka magharibi, jua likitua, adhana ikisikika. Kuanzia hapo ni kesho. Mtoto wetu, akasema, atakuwa anaingia siku mpya pamoja na sisi, uongo? Nikamwambia kuna tofauti ya nusu saa hivi. Akasema nusu saa ni ya kutawadha. Akachukua chumvi akaenda.

Nilikaa hapo mpaka chai ikapoa. Halafu leo, baada ya kufuta ile yako, nimeandika makro mpya, na nadhani ndiyo ya mwisho nitakayoandika peke yangu. Ni fupi. Inachukua sasa hivi, inaongeza robo. Kwa sababu siku nzima ni moja, na masaa sita ni robo. Nikiongeza robo kwenye saa ya ukutani kwangu, nakupata wewe. Haihesabu umebakiza ngapi. Inahesabu kupanda, kuanzia siku unayoondoka, na siku hiyo nimeiandika moja. Kila jioni Bi Zainabu atakuja na bakuli, abonyeze, nayo itatusomea: Nafula ameingia siku ya tatu. Nafula ameingia siku ya nne. Na mimi nikiuliza Nafula ni nani, atanijibu, na kama sitaridhika atanijibu tena. Ana subira, yule aliwahi kuonyeshwa karatasi siku ya arobaini ya mumewe.

Nimeipima kwanza kwa tarehe yangu. Tatu. Imepatia. Ndipo nikaipima kwa yako.

Itakuja siku utapiga simu nikuulize wewe ni mtoto wa nani. Siku hiyo usilie kwenye simu, na usikimbilie ndege. Niambie wewe ni Nafula, ulizaliwa mvua ikinyesha ndiyo maana ukaitwa hivyo, na mkunga alikufunga kwenye sweta la baba yako kwa sababu mimi sikuwa nimejiandaa. Niambie kama mtu anayesimulia mgeni hadithi nzuri. Nitaipenda, hata kama sitajua ni yangu. Na nikikuita Nasimiyu, itika. Nasimiyu alikuwa dada yangu kabla hujakuwa mwanangu, ni jina la mtu ninayempenda.

Mvua imekatika. Nasikia sauti yako huko nje, unamwambia Halima amekuvuta nywele mpaka huwezi kupepesa macho, na yeye anakwambia huko Japani utamkumbuka. Nitaikunja hii niiweke chini kabisa ya sanduku, kisha nilifunge mimi mwenyewe, zipu mpaka mwisho. Ukiuliza nitasema lilikuwa linaingia vumbi. Utaitafuta barua ukiwa hewani kwa sababu nitakupigia ndege ikikaribia kuruka nikwambie iko kwenye mfuko wa... Aa, la. Sanduku litakwenda tumboni mwa ndege. Nitaiweka kwenye mkoba wako wa mkononi. Unaona? Bado ninapatia.

Adhana inaanza. Kwa hesabu ya Bi Zainabu, siku yako ya safari imeshaingia, na wewe ndio kwanza unavua viatu mlangoni. Ni moja, Nafula. Ingia tule, halafu uende.

Mama yako,
aliye nyuma yako kwa robo tu.